Hita ya Tangi au ya Papo kwa Papo: Ipi Inaifaa Nyumba ya Malindi?

Mkazi wa Malindi anayefikiria kuing'oa hita yake ya tangi, ile ambayo mafundi huiita boila, ili aweke hita ya papo kwa papo isiyo na tangi, atakuta kwamba ushauri mwingi unaosambaa kuhusu jambo hili uliandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi. Idara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba katika nyumba inayotumia takriban lita 155 za maji ya moto kwa siku au pungufu, hita isiyo na tangi hufanya kazi kwa ufanisi unaozidi ule wa tangi kwa asilimia 24 hadi 34, na kwamba nyumba inayotumia lita 325 hivi hupata nafuu ya asilimia 8 hadi 14 tu. Hesabu hiyo ni sahihi huko ilikofanyiwa, ambako tangi huwaka usiku na mchana na maji huingia nyumbani yakiwa na baridi ya kuuma meno. Hapa pwani maji huja yakiwa vuguvugu, watu wengi huwasha tangi muda mfupi kabla ya kuoga na kulizima, na sehemu kubwa ya maji tunayotumia yana chumvi. Kwa maoni yangu chumvi ndiyo inayopaswa kuamua, kabla hata ya bei ya kifaa na bili ya umeme, ingawa dukani ni nadra mtu kuulizwa maji yake yanatoka wapi.

Tuanze na joto lenyewe. Maji yanayoteremka kutoka kwenye tangi la plastiki juu ya paa huwa na nyuzijoto 27 au 28 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na wakati wa kaskazi, hasa alasiri, tangi jeusi lililopigwa na jua kutwa hutoa maji ambayo mtu hawezi kuyaita baridi hata kidogo. Maji mazuri ya kuoga ni ya nyuzijoto 38 hadi 40. Kwa hiyo kazi ya hita hapa Malindi ni kuongeza nyuzi 11 au 12, wakati hita ya Nairobi, inayopokea maji ya nyuzi 18 hivi, hulazimika kuongeza zaidi ya 20. Shawa inayotoa lita 4 kwa dakika inahitaji kilowati 3 na ushei ili kupandisha maji kwa nyuzi 11. Nairobi shawa hiyo hiyo ingetaka karibu kilowati 6. Maana yake ni kwamba hita ya kilowati 3.5 inatosha kabisa kwa nyumba ya huku, na yule anayeshawishiwa kununua ya kilowati 7.5 kwa kuwa ndiyo "yenye nguvu" anauziwa nguvu ambayo ataishia kuipunguza kwa maji baridi.

Ukubwa huo una matokeo mengine yasiyoonekana dukani. Kwa umeme wetu wa voti 240, hita ya kilowati 5.5 huvuta ampea 23, na hiyo huhitaji waya wake wenyewe wa milimita mraba 4 au 6, kutegemea umbali kutoka kwenye boksi la fyuzi, pamoja na sakiti breka ya ampea 32. Ya kilowati 3.5 huvuta ampea 15 hivi. Tangi la kawaida la kilowati 1.5 huvuta ampea 6 na robo tu, lakini mara nyingi lilifungiwa waya wa milimita mraba 2.5, ambao ukiwa mzima na umbali ukiwa mfupi unaweza kubeba hita ndogo ya papo kwa papo bila kubomoa ukuta. Fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati na mafuta, ndiye wa kuukagua na kuamua. Anayebandua tangi na kufunga kilowati 5.5 kwenye waya ule ule wa zamani ameuweka moto ndani ya ukuta wake, na soketi ya kawaida ya ampea 13 haifai kwa hita ya papo kwa papo ya aina yoyote, hata iwe ndogo namna gani.

Tangi nalo lina hesabu yake, na hapa pwani hesabu hiyo ni nzuri kuliko inavyodhaniwa. Lita 50 zilizopashwa kutoka nyuzi 28 hadi 60 hula uniti 1.9 za umeme na huchukua saa moja na robo kwa koili, yaani chuma kinachopasha maji, ya kilowati 1.5. Kwa kuwa maji hayo yatachanganywa na ya kawaida yasiyo baridi kali, lita hizo 50 huzaa zaidi ya lita 120 za maji ya kuogea hata baada ya kuondoa yale yanayopoa tangi linapojijaza upya. Watu wanne wanaoga kwa zamu bila mmoja wao kupiga kelele. Familia ya idadi hiyo hiyo iliyoko bara ingehitaji tangi kubwa zaidi.

Sasa fedha. Tuseme watu wanne, kila mmoja akioga dakika 8 kwa lita 4 kwa dakika, jumla lita 128 kwa siku. Kuzipandisha nyuzi 11 ni uniti 1.6 kwa siku, yaani uniti 49 kwa mwezi, na kiasi hicho hakibadiliki, hita iwe ya tangi au isiwe nalo, kwa sababu maji hayajui yamepashwa na nani. Kinachotofautiana ni joto linalopotea kupitia kuta za tangi likiwa limekaa tu. Tangi la lita 50 linaloachwa limewashwa hupoteza kati ya nusu uniti na uniti nzima kwa siku. Ukichukulia uniti moja kuwa shilingi 30 pamoja na kodi zake, hasara hiyo ni shilingi 450 hadi 900 kwa mwezi, na hapo hita ya papo kwa papo inajilipa upesi: gharama yote ya kifaa, waya na ufundi ikiwa shilingi 15,000, hurudi ndani ya mwaka mmoja na nusu hadi miaka mitatu kasoro. Lakini nyumba ambayo huwasha tangi saa moja kabla ya magharibi na kulizima watu wakishaoga imekwisha kuikata sehemu kubwa ya hasara hiyo. Ikibaki thuluthi yake, akiba ya kuhama ni shilingi 150 hadi 300 kwa mwezi, na zile 15,000 zitachukua miaka minne hadi minane kurudi. Kwa watu hao, ile swichi nyekundu nje ya bafu imeshafanya kazi ambayo wangenunua kifaa kipya ili kiifanye.

Kuna jambo moja la bili ambalo husahaulika. Tangu Aprili 2023 bei ya umeme wa majumbani imegawanywa katika viwango vya matumizi ya hadi uniti 30, hadi uniti 100, na zaidi ya 100 kwa mwezi, na kiwango cha nyumba hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu. Nyumba inayotumia uniti 80 ikiongeza hita ya aina yoyote kwa mara ya kwanza itavuka 100, na hapo uniti zote hupanda bei, zikiwemo za friji na taa. Anayehama kutoka tangi hadi papo kwa papo ana nafasi ndogo ya kurudi chini ya mpaka huo; anayeanza kutoka sufuri aujue mapema, ili asije akaenda kulalamikia mita kuwa inakimbia.

Chumvi katika bomba na chumvi katika koili

Maji ya kampuni ya Malindi, MAWASCO, hutoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa katika mchanga wa mto Sabaki, nayo ni maji matamu. Tatizo ni kwamba hayaji kila siku kila mtaa. Bomba likikauka, Muyeye na Barani watu hugeukia kisima cha uani au boza, na kisima kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe hutoa maji yenye chokaa nyingi na, kadiri unavyokaribia ufuo, chumvi ya bahari. Lamu nako mji umeishi kwa maji matamu yanayohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, huku visima vingi vya mjini vikiwa vya maji ya chumvi chumvi. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye nyumba ni hili: katika miezi ambayo maji ya kampuni hayaji, hita yako itakunywa nini?

Kipimo cha haraka ni sabuni. Maji ambayo sabuni haitoi povu ndani yake, ikiacha utando mweupe kwenye beseni, yana chokaa. Maji ambayo ulimi unayakataa yana chumvi. Sufuria ya chai inayojenga ganda jeupe chini itakueleza mengine.

Chokaa hushikamana na chuma kilicho moto, na kadiri koili inavyopata moto ndivyo ganda linavyoongezeka, hasa maji yakipita nyuzijoto 60. Nimeiona koili iliyotolewa kwenye tangi la nyumba moja ya Barani inayotegemea kisima: ilikuwa imevaa ganda la unene wa kidole, na fundi alipoligonga kwa bisibisi likamegeka vipande na kuonyesha chuma kilichotoboka mahali pawili. Tangi la namna hiyo huchukua muda mrefu zaidi kupasha maji, kisha siku moja hurusha breka. Ndani ya tangi la chuma kuna pia fimbo ya magneziamu ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu ili tangi lisiliwe. Katika maji matamu fimbo hiyo inaweza kudumu miaka kadhaa. Katika maji ya chumvi huisha mapema, na kwa kuwa haionekani, wengi huijua siku tangi linapoanza kuvuja kutoka chini. Ikaguliwe kila mwaka. Fimbo ni rahisi kuliko tangi.

Hita ya papo kwa papo, kwa upande wake, ina udhaifu wa aina nyingine, na huu ndio unaonitia wasiwasi. Ile ya kawaida, yaani kichwa cha shawa chenye umeme ndani, ina koili tupu: waya wenye umeme umelala moja kwa moja ndani ya maji yanayokuangukia kichwani. Katika maji matamu, yasiyopitisha umeme vizuri, mpango huo hufanya kazi kwa kiasi kinachovumilika endapo waya wa athi, ule unaoupeleka ardhini umeme uliovuja, umefungwa ipasavyo. Chumvi hugeuza maji kuwa njia ya umeme. Mtu akigusa bomba la chuma akasikia kijimtetemo kwenye vidole, hiyo si kasoro ndogo ya kuzoeleka. Ni onyo la kwanza, na mara nyingine halitanguliwi na la pili. Zipo hita zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, ambazo koili yake imefunikwa ndani ya bomba la chuma ili isigusane na maji. Huwa ghali zaidi, na kwa nyumba yenye kisima hakuna nyingine ninayoweza kuipendekeza kwa dhamiri safi.

Hata hiyo yenye koili iliyofunikwa haitoshi peke yake. Athi inayopigwa kwenye mchanga mkavu, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za karibu na ufuo hapa Malindi na kule Lamu, haipitishi umeme kwa urahisi, kwa sababu mchanga mkavu ni mzito kwa umeme kupita. Fundi apime athi kwa kifaa, asitosheke kuona fimbo imezama. Kisha aweke kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30, ile ambayo hukata umeme mara moja sehemu yake inapopotea njia. Kinga hiyo iwekwe hata kwa mwenye tangi, kwa kuwa koili iliyotoboka ndani ya tangi nayo huvujisha umeme kwenye maji.

Presha, wageni na siku za giza

Maji mengi ya nyumba zetu hushuka kwa uzito wake yenyewe kutoka juu ya paa, na kila mita moja ya kimo hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya baa, kipimo cha presha. Tangi la paani likiwa mita moja na nusu tu juu ya shawa, hita nyingi za papo kwa papo, hasa za sanduku la ukutani, zinaweza kukataa kuwaka kwa sababu swichi yake ya ndani husukumwa na mwendo wa maji. Chukua ndoo ya lita 10, fungua shawa, na uangalie saa: ikijaa kwa dakika mbili na nusu, una lita 4 kwa dakika, na hiyo inatosha. Ikichukua dakika tano, ama uinue tangi la paani, ama uweke pampu ndogo, ama ubaki na hita ya tangi, ambayo haina masharti hayo.

Umeme ukishuka jioni, nguvu ya hita hushuka kwa kasi kuliko voti zenyewe: kwa voti 200 badala ya 240, hita ya kilowati 5.5 hutoa 3.8. Kwa joto la maji yetu hilo linavumilika, ila ya 3.5 hubaki na 2.4 na itakulazimu kupunguza maji. Umeme ukikatika kabisa, mwenye tangi lililokwisha kupata moto anaoga. Mwenye papo kwa papo anasubiri. Walio na inveta na betri, kama zilivyo nyumba nyingi za wageni za Shela ya Lamu, wajue kwamba inveta ya ukubwa wa kawaida inaweza kuendesha tangi la kilowati 1.5 kwa saa moja ya jua kali, lakini itajizima mara moja ikibebeshwa 5.5.

Nyumba za wageni zina hesabu yake. Vyumba vinne vyenye hita za kilowati 5.5, wageni wote wakirudi kutoka baharini saa kumi na mbili jioni na kuingia bafuni pamoja, ni kilowati 22, yaani ampea 92. Umeme wa fezi moja wa nyumba ya kawaida haukuwekwa kwa mzigo huo. Matangi manne ya kilowati 1.5 kwa pamoja huvuta ampea 25. Kwa upande mwingine, nyumba ya likizo kule Casuarina inayofungwa miezi kadhaa kwa mwaka ina sababu nzuri ya kutokuwa na tangi: maji yanayolala tangini katika joto la kati ya nyuzi 20 na 45 ni makazi ya bakteria wa legionela, na tangi la namna hiyo lapaswa kumwagwa, kisha kupashwa hadi 60, kabla mgeni hajafungua shawa.

Gesi na jua

Hita ya papo kwa papo ya gesi haijali umeme ukikatika, kwa kuwa cheche yake hutoka kwenye betri. Ila nyingi zilibuniwa kwa maji ya baridi kali, na hapa Malindi hata moto wake mdogo kabisa unaweza kutoa maji yanayounguza. La muhimu zaidi: isifungwe ndani ya bafu. Moto wa gesi katika chumba kisicho na hewa hutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo imewaua watu wakiwa wanaoga. Ukutani nje, penye upepo wa kutosha na kinga ya mvua, ndipo mahali pake.

Jua ningelitaja mwanzo kama si gharama yake ya kuanzia. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na paneli bapa ya kawaida inatosha. Ile mirija ya glasi iliyotolewa hewa, ambayo huhifadhi joto hata kwenye theluji, hapa huchemsha maji kupita kiasi wakati wa kaskazi. Tangi la lita 150 lina uzito wa kilo 150 za maji pekee, kwa hiyo paa la makuti halibebi, na inabidi kujenga mnara pembeni. Mwenye kisima achague mfumo ambao maji yake hayapiti ndani ya paneli, la sivyo chokaa itaziba mirija. Katika Mji wa Kale wa Lamu, ambao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, ni busara kuuliza Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya kupandisha chochote kitakachoonekana juu ya paa.

Nani ahame, nani abaki

Watu wawili au watatu wanaopata maji ya kampuni kwa uhakika, wanaooga kwa nyakati tofauti, na ambao tangi lao limekwisha kuharibika, wahame; kilowati 3.5 inawatosha. Mwenye tangi zima na mazoea ya kulizima hana haraka yoyote, asubiri livuje. Familia yenye kisima ihame tu ikiwa iko tayari kulipia koili iliyofunikwa, kinga ya miliampea 30 na athi iliyopimwa, vyote vitatu kwa pamoja. Ikishindwa kimoja, tangi lenye fimbo inayobadilishwa ni salama zaidi. Nyumba yenye mzazi aliye ndani ya siku arubaini nayo itathamini tangi, kwa kuwa maji ya kumkanda yanatakiwa moto kupita ule wa shawa, na hita ndogo ya papo kwa papo haifiki huko.

Na yuko yule anayehitaji maji ya moto alfajiri za kipupwe tu, kuanzia Juni hadi Agosti. Lita 3 zilizochemka jikoni, zikichanganywa na lita 17 za mferejini, hujaza ndoo ya nyuzijoto 39 kwa takriban robo ya uniti. Waliozoea kuoga kwa kata kutoka kwenye birika la maji lililojengwa bafuni, kama ilivyo katika nyumba za mawe za Lamu, hawana haja ya kuuziwa hita ya aina yoyote kwa ajili ya miezi mitatu. Ila wasitumie ile koili ya kuchovya ndooni huku mkono ukipima joto la maji.

Mpangaji ana jambo moja la ziada la kukubaliana na mwenye nyumba kwa maandishi. Hita ya papo kwa papo hufunguliwa kwa bisibisi na kuhamishwa naye, lakini waya mpya, breka na kinga hubaki ukutani, nazo mara nyingi hugharimu zaidi ya hita yenyewe. Zikatwe kwenye kodi kabla fundi hajaanza kutoboa.